Joto la Ukuta wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Kaka amenikataza kumsema mke wake. Kanikataza mbele ya wateja, tena kwa sauti ya juu: "Kuanzia leo sitaki kusikia neno hata moja likitoka mdomoni mwako kuhusu wifi yako." Haya. Kataja mdomo, mkono hakuutaja. Nimekwenda dukani nikanunua daftari na kalamu, na sasa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa naandika.

Baba alipofariki nyumba yake iligawanywa katikati. Kaka alipata upande wa barabarani, mimi nikapata uani. Huko barabarani wifi kafungua bekari, ina kioo kipana na tanuri kubwa la dizeli, na kibao cha herufi nyekundu. Mimi huku nyuma ni dobi. Kila anayeniletea nguo lazima apite mbele ya kile kioo, na akinifikia ana makombo mdomoni na sifa za mikate. Nazisikiliza huku natabasamu, mpaka jioni mashavu yananiuma.

Kitu kimoja tu ninacho ambacho yeye hana faida nacho: ukuta wa kati. Baba aliujenga kwa matofali aliyoyachoma kwa mikono yake, na yale matofali yanashika joto la jua kwa namna ambayo sijaona kwingine. Upande wake kauegemezea tanuri, hata hauonekani. Upande wangu uko wazi, na ndicho chumba changu cha kukaushia. Mvua ikianza, madobi wenzangu wanalia, mimi nafunga kamba kando ya ukuta wa baba, naning'iniza mashuka, asubuhi yamekauka. Ndiyo maana Matroni wa hospitali ananipa mimi mashuka ya wodi zote. Bila yale mashuka sina kazi, nina mabeseni tu.

Alhamisi, 7 Machi

Mawingu. Mvua bado.

Ijumaa, 8 Machi

Gari jeupe la serikali limesimama mbele ya bekari tangu asubuhi. Kashuka bwana mmoja mwenye tai na kidude kama bastola, anakielekeza kwenye tanuri, kinamsomea joto. Nimempa jina: Bwana Kipimajoto.

Redio ilishasema habari hizi. Serikali imetenga fungu kubwa kusaidia viwanda vidogo viache kupoteza moto na umeme. Eti mafuta yatakayookolewa hayatanunuliwa nje, pesa itabaki nchini, kazi zitaongezeka, na nchi nzima itafaidika. Nchi nzima! Mimi naona gari moja, na limesimama kwa wifi.

Alinipungia mkono akiwa mlangoni kwake, aproni nyeupe pee. Aproni hizo nazifua mimi. Nami nikampungia.

Jumanne, 12 Machi

Leo Kipimajoto kapita uani. Kabisha hodi kwa adabu, siwezi kumsingizia. Kasema anataka kukagua chumba changu cha kukaushia.

"Mimi siumwi," nikamwambia. "Nenda kapime huko kwa wenye tanuri."

"Mama, wifi yako ndiye aliyesema tuanze kwako kabla hatujaligusa tanuri lake, kwa sababu..."

Sikutaka kuijua hiyo sababu. Tuanze kwako! Yaani wifi ndiye wa kunigawia serikali, kana kwamba makombo ya mikate yake midomoni mwa wateja hayajanitosha? Nilikuwa na beseni la maji ya kusuuzia mkononi, nikayamwaga. Sikulenga viatu vyake. Wala sikulenga pembeni.

Kaondoka anachuruzika, kaacha kikaratasi chenye namba ya simu juu ya mawe ninayofulia. Nimekitumia kuzibia mlango unaogonga upepo ukivuma.

Jumatatu, 18 Machi

Mafundi wamelivua tanuri mabati yake yote, wanalivisha blanketi nene kama godoro. Tanuri linalala kwenye godoro, mimi nakaa kwenye ndoo.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imeanza. Acha inyeshe. Huu ndio msimu wangu.

Ijumaa, 22 Machi

Mashuka hayajakauka. Nimesema labda niliyakamua vibaya.

Jumatatu, 25 Machi

Hayajakauka tena. Nimebadilisha namna ya kuning'iniza, nimeacha nafasi kubwa kati ya shuka na shuka, nimefungua dirisha, nimefunga dirisha. Nimeweka kiganja ukutani. Baridi kama kisima. Matofali ya baba hayajawahi kunifanyia hivi.

Huku nikihangaika nasikia vicheko bekarini. Mkate umeshuka bei. Wifi kasema matumizi ya dizeli yamepungua karibu nusu, basi na wateja wapumue. Muuza chai wa pale kona kaongeza benchi kwa sababu mikate inatoka kwa wingi na watu wanakaa. Mtaa mzima unamwimba. Hata fundi viatu, ambaye hajawahi kumsifia mtu, leo kasema, "Yule mama ana baraka." Nilikuwa nimempelekea kiatu changu, nikakichukua nikaondoka nacho hivyo hivyo, kimefumuka.

Jumamosi, 30 Machi

Mama Pasi kaniaga.

Mama Pasi ndiye anayenipigia pasi tangu nilipoanza kazi hii. Anajua mikunjo ya mashati ya mtaa huu kuliko wenye mashati. Kasimama mbele yangu anasokota kanga yake.

"Dada, usinielewe vibaya. Kifua changu na mvuke wa pasi haviendi tena. Bekari wamefungua zamu ya mchana, wanataka mtu wa kaunta."

"Wifi kakuita?"

"Nimekwenda kuomba mwenyewe. Yeye kaniuliza kwanza, 'Umemwambia wifi?' Nikamwambia bado. Kasema nisianze mpaka nikuage."

Ungeona jinsi nilivyojikaza kisabuni. Nikamtakia heri, nikamfungia na sabuni mbili za kuogea. Alipotoka tu nikaipiga teke ndoo. Basi ndivyo ilivyo: serikali inawekeza, wifi anavuna, mimi napokonywa mtu. Na wala hakumwiba, ndicho kinachonichoma zaidi. Angemwiba ningepata la kusema.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Nimewasha jiko la mkaa chumbani ili mashuka yakauke.

Jumatano, 3 Aprili

Matroni kayarudisha. Kaja mwenyewe, mwavuli mkononi, kaninusisha shuka kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Dada, hii ni harufu gani?"

"Moshi kidogo tu, Matroni."

"Nina wodi ya watu wa pumu. Nikiwatandikia moshi?" Kashusha sauti, maana ni mtu mwema. "Miaka yote hii hujaniangusha. Nakuvumilia mpaka katikati ya mwezi. Ikishindikana nitawapa wale wenye mashine za kukaushia kule mjini, usinilaumu."

Baada ya hapo nilipiga pasi mashuka mabichi peke yangu mpaka mkono ukafa ganzi. Kupiga pasi shuka bichi ni kulipika. Umeme niliotumia sitaki hata kuufikiria.

Jambo moja nimeliona, nalo naliandika kwa shingo upande. Umeme haujakatika jioni tangu katikati ya mwezi uliopita. Zamani ilikuwa kila watu wakirudi makazini, taa puu! Redio inasema ni kwa sababu viwanda na majumba yameanza kutumia kidogo, basi unaobaki unatutosha wote. Kwa hiyo na mimi nimefaidika. Nimefaidika kupiga pasi kwenye mwanga.

Jumatatu, 8 Aprili

Ukuta baridi. Nimeanza kuwaza mabaya.

Ule ukuta ulikuwa mzima mpaka mafundi wa wifi walipoingia. Walikaa siku kadhaa na tindo na nyundo. Kwani kufunga godoro kunataka nyundo? Wametoa matofali ya baba, hakuna kingine. Wameyatoa wameweka ya dukani.

Jumatano, 10 Aprili

Niandike yote, nisije kesho nikajipunguzia.

Asubuhi nilikuta mashuka ya wodi ya kina mama yanachuruzika kama nilivyoyaacha. Nikalishika moja, bichi, nikatoka nalo begani hadi bekarini. Kulikuwa na foleni. Mama Pasi yuko kaunta, kaniona uso, kasema, "Dada, karibu pembeni," nikampita. Nikaingia hadi kwenye tanuri, wanakoruhusiwa wafanyakazi tu.

Wifi alikuwa anakanda, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Yako wapi?" nikamuuliza.

"Nini, wifi?"

"Matofali ya baba! Umeyatoa. Umechukua barabara, umechukua kioo, umechukua Mama Pasi, umechukua serikali. Ukuta nao umeutaka? Ndicho kitu pekee baba alichoniachia!"

Foleni nzima imegeuka. Wifi katazama mikono yake ya unga. Nilijua nimempata. Nikaendelea, nikatoa povu la miaka yote, na shuka linanidondokea miguuni.

Kaka katokea stoo na gunia la unga mgongoni. Kalitua. Sijawahi kumwona kaka na uso ule.

"Lete mkono," kasema.

Kanishika kama tulivyokuwa wadogo tukivuka barabara, kaniingiza nyuma ya tanuri, kwenye upenyo baina ya bati na ukuta. Kakibandika kiganja changu kwenye matofali. Yalikuwa ya baba. Alama ya kidole gumba chake ipo kwenye yale ya chini, aliyatia yote. Hakuna lililotolewa.

"Ukuta ni ule ule," kasema. "Sasa shika hapa." Kakihamishia kiganja changu kwenye bati la tanuri. Tanuri linawaka, ndani mikate inaiva, na bati la nje ni vuguvugu tu, mtu angeweza kuliegemea. "Zamani ungeungua. Lile joto lote lilikuwa linatoka huku nyuma, linaingia ukutani, linakuja kwako. Ulidhani ni jua? Jua gani wakati wa mvua, dada yangu? Ilikuwa dizeli yetu."

Nilisikia vizuri. Nilijifanya sikusikia.

"Mwaka ule tulipojenga choo nilitaka kuliziba tanuri huku nyuma," kaendelea. "Fundi alikuwa tayari, na udongo nimeshanunua. Huyu ndiye aliyenikataza. Kasema, 'Tukiziba, wifi atakausha wapi?' Miaka yote tumechoma mafuta ya kukaushia nguo zako, na wewe miaka yote unamsema."

"Si tulikubaliana usiseme?" Ndiyo hayo tu wifi aliyoyasema, na alimwambia mumewe, si mimi. Alikuwa amekasirika kweli. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mikono ina unga, hawezi kujifuta.

Nikakumbuka Kipimajoto mlangoni kwangu. Tuanze kwako, kwa sababu. Hiyo ndiyo sababu niliyoimwagia maji.

Nilirudi uani kupitia ile foleni. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijatoka uani.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimewaza sana. Nilikuwa najipiga kifua kwa kila mteja kwamba nina ukuta na nina mkono wa kukausha. Kumbe mkono wenyewe ulikuwa wa wifi. Nilitegemea aibu ndiyo ingekuja kwanza, lakini kilichokuja kwanza ni wivu, mpya kabisa, mkubwa kuliko wa mwanzo. Bekari sawa, kioo sawa, hayo mtu anaweza kuyavumilia. Sasa hata wema kanizidi! Nimshindie wapi huyu mwanamke?

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda. Nimebeba aproni zake, nimezipiga pasi mwenyewe, na wanga nikatia. Nilipitia mlango wa mbele kama mteja.

"Wifi, nimekuja," nikasema.

"Nakuona."

"Nimekukosea."

"Umenikosea." Hakunirahisishia, na sikutegemea anirahisishie. Aliendelea kupanga mikate. "Ulinitukana mbele ya watu wanaonunua chakula mikononi mwangu. Ulimwagia maji mtu wa watu, na mradi usingengoja. Nilimsihi yule bwana wee, nikamwambia wifi yangu mkali lakini mtaelewana. Karudi kalowa mpaka soksi."

"Soksi pia?"

Hapo mdomo wake ulicheza kidogo. Kageuka upande ili nisione.

"Kikaratasi chake unacho bado?" kaniuliza.

"Kimeziba mlango."

"Kazibue."

Jumatatu, 15 Aprili

Nimempigia Matroni kumwomba siku chache. Kavuta pumzi ndefu, kasema mpaka Jumatatu ijayo, zaidi ya hapo hana la kunisaidia.

Jumatano, 17 Aprili

Kipimajoto kaja. Kasimama mbali, mwavuli mbele kama ngao.

"Mama, leo kuna maji?"

"Kuna chai," nikamjibu. Kafunga mwavuli.

Tulikaa wote bekarini. Kaeleza kwamba moshi wa tanuri bado unatoka na joto jingi kwenye bomba lake. Fundi bati anaweza kulizungushia bomba jingine pana, hewa safi ipite kati ya hayo mawili ipate joto, na feni ndogo iisukume hadi chumbani. Haina moshi, haina harufu. Mradi utagharamia kwa kuwa tanuri ni lile lile waliloanza nalo.

"Ila joto linatosha chumba kimoja tu," kasema. "Na niseme ukweli, mama mwenye bekari naye analihitaji. Tangu tulizibe tanuri, humu ndani kumepoa. Unga hauumuki vizuri kwa mvua hizi. Ni yeye wa kuamua."

Sikujua hilo. Kumbe na yeye anahangaika! Nakiri roho ilifurahi kidogo, kabla sijaikumbusha kwamba nimekuja kuomba.

Wifi hakufikiri hata. "Peleka kwa wifi," kasema. "Mimi nitakanda mapema zaidi."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumfinya.

Kaka ndiye aliyeuliza serikali inapata nini kwa kuhangaika na mashuka. Kipimajoto kasema lita ambayo bekari haichomi, nchi haiinunui, na ile pesa haipandi meli kwenda kwa watu wengine. Inaishia humu humu: kwa mtu wa kaunta, kwa muuza chai, kesho kwa fundi bati. Kwenye redio maneno hayo hayo niliyazomea. Leo nilitaka kubisha, lakini Mama Pasi alikuwa amesimama pale kaunta na viatu vipya, anapumua vizuri, nikammiminia Kipimajoto chai nyingine.

Jumamosi, 20 Aprili

Fundi bati anagonga tangu asubuhi. Kesho kutwa ndiyo Jumatatu ya Matroni.

Jumapili, 21 Aprili

Feni imewashwa mchana. Hewa ya moto imetoka pale juu ikanipiga usoni, nikakaa chini ya ile ndoo yangu, yaani juu yake, sijui hata ninaandika nini. Nimetundika kila shuka nililo nalo.

Jumatatu, 22 Aprili

Yamekauka. Yamekauka yote, hata mapindo! Zamani mapindo yalikuwa yananisumbua hata wakati wa ukuta. Matroni kayanusa moja moja, kapakia kwenye gari, kasema tu, "Kesho nitaleta na mapazia."

Alhamisi, 2 Mei

Mvua kubwa. Mapazia yamekauka. Nimemwajiri binti wa muuza chai kwenye pasi.

Jumatatu, 6 Mei

Kaka kaniuliza mbona siku hizi simsemi mkewe. Nikamwambia nimekatazwa.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua haijakoma tangu juzi, na baridi imeingia. Asubuhi nilikuwa chumbani kwangu, nimevua hata sweta, mashuka yananipepea pande zote, nikasikia hodi. Ni wifi. Kabeba karai kubwa lililofunikwa kitambaa, na sweta mbili mwilini.

"Hauumuki," kasema. "Nimekanda alfajiri, umekaa tu kama jiwe. Wateja watanikuta na kaunta tupu."

Kisha akaangalia chumba changu. Kaangalia feni, kamba, mapazia ya Matroni, mikono yangu mitupu bila sweta. Joto likampiga usoni, akafumba macho kidogo.

"Wifi," kasema, "huku kwako kuzuri jamani."

Alipofumbua macho nilimtazama vizuri. Uso ule naujua. Nimeuvaa miaka yote nikipita mbele ya kioo chake, na jinsi mdomo unavyotabasamu wakati mashavu hayataki, yote nayajua. Wifi yangu, mwenye bekari, mwenye baraka, alikuwa ananionea wivu mimi dobi.

Nilimwacha asimame pale mlangoni kidogo. Kidogo tu. Kisha nikasogeza mapazia ya Matroni upande, nikampokea karai, nikaliweka chini ya ile feni penye joto zaidi, nikamsogezea ndoo yangu akae.